Nilivyojifunza udalali mara mbili, Sinza na Mtwara

Nilianza udalali wa nyumba Sinza mwaka 2006, nikiwa na simu ya tochi na daftari la kurasa 40. Mwaka mmoja kabla yake nilikuwa nimetoka Mtwara kwa basi la alfajiri, enzi ambazo kipande cha Ndundu hadi Somanga kilikuwa hakijawekwa lami, na masika yakikolea abiria mnashuka kusukuma. Nilikwenda Dar kuuza kwenye duka la nguo. Mwenye duka alipopandishiwa kodi ya fremu akaniomba nimsaidie kutafuta nyingine, nikaipata mtaa wa pili kwa kuulizauliza, na dalali wa pale akanipa shilingi 10,000 kwa sababu mteja nilimleta mimi. Elfu kumi ile ilikuwa kama mshahara wangu wa wiki. Duka nikaliacha mwezi uleule.

Naandika haya kwa ajili ya vijana wa kwetu, hasa mabinti, wanaonipigia simu kuuliza jambo moja: "Dada, kazi hii nikaianzie Dar au nibaki hapahapa?" Nimeifanya pande zote mbili, miaka sita kule na zaidi ya kumi huku, na huwa nawaambia kwanza kwamba ni kazi mbili zenye jina moja. Kisha nawaeleza yaliyonipata, maana bila hayo hawanielewi.

Kijiwe chetu kilikuwa chini ya mwarobaini, Sinza Mori. Tulikuwa madalali saba, mwanamke mimi peke yangu. Kazi ya pale ni mbio. Mteja anaona chumba na sebule saa nne asubuhi, anasema ngoja nikamshirikishe mwenzangu, na saa saba mwingine ameshalipa miezi sita na anashusha kitanda. Kwa hiyo ulikuwa unalala na simu sikioni. Mwenye nyumba akikudokeza kwamba mpangaji wake anahama mwisho wa mwezi, unapeleka watu wakati huyo mpangaji bado anapika. Malipo yetu yalikuwa mwezi wa dalali, yaani kodi ya mwezi mmoja juu ya ile anayolipa mpangaji, pamoja na hela ya kuonyeshwa, ambayo mteja anaitoa hata kama nyumba hakuipenda. Na juu ya hayo kulikuwa na cha juu. Mwenye mali anataka laki moja, wewe unamtajia mteja laki na ishirini, ile ishirini ni yako na hakuna anayeuliza. Kijiweni tulikiona cha juu kama haki ya aliyetembea.

Kilichonitia wasiwasi siku zile kilikuwa kurukwa. Unamzungusha mteja jua kali siku tatu, anafika kwa mwenye nyumba, wanapeana namba nyuma ya mgongo wako, kesho unakuta ameshahamia. Nikajifunza kushika ufunguo mpaka hela yangu iwe mkononi. Sikuwa na sababu ya kumjali mtu zaidi ya hapo, kwani mpangaji wa Sinza akikaa mwaka anahamia Tegeta au Mbezi na hamwonani tena. Choo kikivuja wiki ya pili, si langu. Sensa ya 2012 ilihesabu Dar es Salaam watu 4,364,541. Ukigombana na mmoja, wako wengine.

Lakini Dar ilinifundisha karatasi, na hilo nalishukuru mpaka leo. Zunguka mitaa ya kule uone kuta zilizoandikwa kwa rangi nyekundu NYUMBA HII HAIUZWI. Mtu haandiki maneno hayo ukutani kwake kwa kupenda. Anaandika kwa sababu kuna siku alikuta wageni uani wanapima madirisha, wameletwa na mtoto wake mwenyewe au na mpangaji aliyejifanya mwenye mali. Nilishuhudia nyumba moja ambayo mzee amelazwa hospitali na vijana wake wameshapokea malipo ya awali kwa wanunuzi wawili tofauti. Mzee mmoja wa kijiweni, aliyekuwa kwenye kazi hiyo tangu viwanja vya Sinza vikigawiwa, akanipa utaratibu ambao sijauacha: ione hati yenyewe au ofa, ile barua ya kumilikishwa kiwanja, wala si kivuli chake, kafanye upekuzi ofisi ya ardhi uone kimeandikwa kwa jina la nani, linganisha jina na kitambulisho, waulize majirani wa pande zote nne, na kama muuzaji ana ndoa basi mke au mume atie saini mbele yako. Hilo la mwisho ni sheria kabisa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamkataza mwanandoa kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Wengi pale Sinza walikuwa wanaliruka. Mimi sikuliruka hata mara moja, na nilijivunia.

Mwaka 2011 na 2012 wateja wangu wa Sinza wakaanza kuniuliza habari za kwetu. Gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa tangu 1982, lakini kwa miaka mingi watu wa Dar walikuwa hawana habari nayo. Ghafla ikawa gumzo la kila daladala: bahari kuu ina gesi, Mtwara itakuwa Dubai. "Si wewe wa Mtwara? Nitafutie kiwanja." Mtu wa kumi aliponiambia hivyo nikafunga mizigo. Nilirudi Julai 2012, nikapanga chumba Chikongola, mtaa niliozaliwa, nikachora vibao sita vya bati vyenye neno DALALI na namba yangu, nikavipigilia kuanzia Magomeni ya hapa Mtwara hadi njia ya Mikindani.

Simu haikulia wiki tatu.

Manispaa ya Mtwara Mikindani kwenye sensa ileile ilikuwa na watu 108,299. Mji wa ukubwa huo hautafuti chumba kwa kibao. Mtu anauliza gengeni, anauliza msikitini baada ya sala, anamuuliza fundi cherehani. Shangazi yangu alikuja akasimama mlangoni, akaniambia: "Mwanangu, kibao kile kinasema unauza nyumba za watu. Nani kakutuma?" Nilimwona hajui biashara. Nilipomtaka mwalimu mmoja mgeni alipe mwezi wa dalali kwa chumba cha elfu ishirini na tano, habari ilifika sokoni kabla yangu: yule binti aliyetoka Dar anatoza watu hela ya kuonyesha mlango.

Wapangaji nikaachana nao, nikageukia viwanja. Hapo ndipo pesa ilipokuwa. Wateja walikuja kwa ndege asubuhi na kuondoka jioni. Niliwapeleka Mangamba, Naliendele, njia ya Msijute. Wengine walinunua bila kushuka kwenye gari. Kati ya Agosti na Novemba niliuza viwanja tisa, nikaanza kufyatua matofali ya kwangu.

Cha tisa ndicho ninachotaka kukieleza vizuri.

Kilikuwa shamba la ekari moja na nusu upande wa Naliendele, mikorosho 27 kwa nyuma na vichaka mbele karibu na barabara. Muuzaji alikuwa mwanaume wa makamo, mpole, mwenye haraka. Alitaka milioni nne na nusu. Nilimtajia mteja wangu wa Dar milioni sita, akakubali bila kupunguza hata shilingi. Utaratibu wa Sinza niliufuata wote. Hati haikuwapo, kwa sababu eneo lilikuwa halijapimwa, lakini mwenyekiti wa mtaa alimfahamu, majirani wa pande nne walikiri kwamba analima pale miaka yote, na mke wake alikuja kutia saini. Nilipiga picha. Niliona nimefanya kazi safi.

Mwezi Februari 2013 mteja alituma vijana wakafyeke na kuangusha mikorosho ili ajenge ukuta. Saa tatu asubuhi mmoja wao akanipigia: "Dada, njoo. Kuna bibi amekaa chini ya mti, hataki kutoka." Nilikwenda kwa bodaboda. Bibi alikuwa ameegemea shina, miguu ameinyoosha, kanga ameifunga kichwani, panga la wale vijana liko pembeni yake kwenye majani. Hakupiga kelele. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba, kisha akaniuliza mimi ni mtoto wa nani. Nilipomtajia mama yangu, akasema anamjua, na akanyamaza kwa muda. Kimya kile kiliniumiza kuliko angenitukana.

Kumbe bibi yule ni mama mkubwa wa muuzaji. Shamba walilifyeka yeye na mdogo wake, mama mzazi wa muuzaji, ambaye alishafariki. Walipewa na mjomba wao. Kwa desturi zetu Wamakonde, na majirani zetu Wamakua na Wamwera pia, ardhi ya namna hiyo hufuata upande wa mama. Ni ya watoto wa akina mama wale wote, wa kike na wa kiume, na jambo zito halifanyiki bila mjomba. Muuzaji alikuwa na haki ya kulima. Alikuwa mmoja wa wenye shamba, tena mmoja kati ya kumi na mmoja. Dada zake hawakujua. Mjomba mtu yuko Newala, naye hakujua.

Mimi ni mzaliwa wa hapa na desturi hii naijua tangu utoto. Nyumba ya bibi yangu mwenyewe ilirithiwa hivyohivyo. Nilikwenda Dar nikafundishwa kumtafuta mke, nikarudi kwetu nikamtafuta mke, wala sikukumbuka kuuliza dada yuko wapi na mjomba anasemaje. Nimelifikiria hili miaka mingi. Mke wa muuzaji alitia saini bila kusita kwa sababu shamba halikumhusu hata kidogo.

Kikao kilifanyika Jumamosi palepale shambani, mwenyekiti wa mtaa akiwepo na mjomba akiwa ameteremka kutoka Newala. Kabla ya kukaa, bibi alisema anataka watu wote waione mali inayozungumzwa. Akatangulia na fimbo, sisi nyuma. Akawa anagusa kila mkorosho. Huu niliupanda mwaka wa Operesheni Vijiji, tulipohamishwa tukawa tunarudi usiku kuutazama. Huu mwaka wa vita vya Kagera. Huu uliungua moto wa jirani ukachipua upya, ona kovu. Huu ni wa marehemu mdogo wangu, alikuwa akijifungulia chini yake. Kovu niliona, jeusi, limezunguka shina kama mkanda. Alifika mpaka wa ishirini na saba bila kukosea. Wale vijana wa panga walikuwa wameinamisha vichwa.

Tulipokaa, mjomba alimwuliza mnunuzi ametoa shilingi ngapi. Akajibu milioni sita. Akamgeukia mpwa wake: umepokea ngapi? Akajibu nne na nusu. Watu wakanitazama. Hakuna aliyesema neno. Pale Sinza tungecheka na kuendelea na mazungumzo, ila mimi nilikuwa nimekaa kwenye mkeka mmoja na watu wanaomjua mama yangu, na milioni moja na nusu imejitokeza katikati yetu kama mtu wa kumi na mbili. Shangazi yangu alikuwapo. Alitazama chini.

Waliamua hivi: mnunuzi abaki na nusu ekari ya mbele isiyo na mikorosho, kwa milioni mbili. Milioni nne arudishiwe. Muuzaji arudishe mbili na nusu, nami nirudishe chote cha juu. Muuzaji aliuza pikipiki aliyokuwa ameinunua. Mimi niliuza friji na matofali yangu 2,000, na kilichobaki nikakilipa kidogokidogo mpaka Desemba. Hakuna aliyenipeleka polisi wala mahakamani, na sikuambiwa neno baya. Ila kwa muda wa mwaka mzima na zaidi, nikiuliza mahali kama kuna nyumba inauzwa, najibiwa hakuna, wakati nyumba naiona.

Hata wale wa ndege waliisha. Mwezi Mei 2013, wakati wa bajeti ya nishati, mji ulilipuka kwa ghasia juu ya bomba la kupeleka gesi Dar. Wateja wangu wa Sinza walisikia redioni wakazima simu. Walionunua kwa kudhani mji utageuka ndani ya miaka miwili walitaka kuuza, na wa kuwauzia hakuna. Shangani kuna wenye nyumba waliokuwa wamewatoa wapangaji wao wa miaka mingi, wauguzi na wafanyakazi wa bandari, ili wapake rangi na kungoja wageni wa kulipa kwa dola. Nilipita nyumba moja mwaka uliofuata, geti limeliwa na kutu ya chumvi ya bahari, popo wanatoka darini magharibi. Mpangaji aliyetolewa pale alikuwa ameshajenga kwake Mangamba.

Nilibaki kwa sababu sikuwa na nauli ya heshima ya kurudia Dar. Na kubaki ndiko kulikonifundisha kazi mara ya pili.

Nilianza kwa kuvitoa vile vibao. Kisha nikatangaza kwa mdomo kwamba mpangaji wa chumba simtozi kitu, atanilipa mwenye nyumba, nusu ya kodi ya mwezi, na mpangaji akipata tatizo ndani ya miezi mitatu anipigie mimi. Fedha yake ilikuwa ndogo sana. Lakini mwalimu aliyepata chumba kizuri humwambia mwalimu mwenzake anayehamishiwa, na hospitali nako ni hivyohivyo, na chuo cha ualimu nako ni hivyohivyo. Baada ya miaka miwili nilikuwa najua kila mtumishi anayehamia kabla hajapakia mizigo.

Halafu ikaja kazi ambayo Sinza sikuwahi kuiwaza, nayo ndiyo inayonilisha. Mtwara ina nyumba nyingi ambazo wenyewe wako Dar, Dodoma au ng'ambo. Mzee amefariki, watoto wamerithi, hakuna wa kukaa. Wakiniona ninatulia, mmoja akaniomba nimkusanyie kodi. Leo nasimamia nyumba 14 kwa asilimia kumi ya kodi. Nakagua mabati, kwa sababu karibu na bahari msumari wa bati huliwa na chumvi kutoka ndani na ukiugusa unabaki vumbi jekundu kidoleni. Nalipa kodi ya pango la ardhi. Tangu 2021 kodi ya jengo inakatwa kwenye Luku, yaani umeme wa kulipia kabla, na wapangaji walikuja juu, kwa haki, kwa kuwa deni la mwenye nyumba linamezwa na umeme wao. Mimi naandika kila shilingi iliyokatwa na kuipunguza kwenye kodi yao, na mwenye nyumba namtumia hesabu kwa WhatsApp na video ya ua. Nusu ya wenye nyumba hao nilifahamiana nao Sinza. Kumbe miaka ile haikupotea. Mtu wa Dar ananiamini kwa karatasi, mtu wa Mtwara ananiamini kwa sababu nilirudisha cha juu.

Jambo jingine ambalo Dar halipo ni msimu. Kule kodi ina tarehe. Huku pesa ina korosho. Kuanzia Oktoba minada ikifunguliwa, mji unabadilika rangi: bati zinanunuliwa, saruji inapakiwa, madeni yanalipwa. Masika mifuko imekauka. Msimu wa 2018, bei ilipopangwa kuwa shilingi 3,300 kwa kilo na malipo ya wengi yakachukua muda, nilikuwa na wapangaji wafanyabiashara sita ambao hawakulipa mpaka karibu na Ramadhani. Niliwapigia wenye nyumba mmoja mmoja kuwaeleza, na hakuna mpangaji tuliyemtoa. Wote walilipa. Msimu wa 2024, minada ya mwanzo ilipovuka shilingi 4,000, mmoja wao alikuja kulipa mwaka mzima kwa mkupuo, noti zinanuka gunia.

Kwa ajili ya msimu huo kuna jambo ninalolikataa na nitaendelea kulikataa. Kila mtu wa kusini anajua kangomba, ile ya kumkopesha mkulima hela kidogo wakati wa njaa ili achukuliwe korosho zake kwa bei ya kuumiza. Ipo kangomba ya viwanja pia. Dalali anajua nani ana mgonjwa, nani mtoto wake amechaguliwa kwenda shule na hana ada, na anamletea mnunuzi mwezi wa Machi. Kiwanja cha milioni tano kinaondoka kwa mbili. Kisheria mkataba uko sawa, saini zipo. Mimi mtu akija mwezi wa Machi akitaka kuuza, namwuliza anahitaji kiasi gani na kwa ajili ya nini. Mara nyingi anahitaji laki nne. Tunatafuta mpangaji wa kulipa kodi kabla, au ndugu wa kumkopesha, na kiwanja kinabaki. Nimepoteza mauzo mengi kwa njia hiyo na siyajutii.

Sasa kuhusu wanaoniuliza Dar au hapa. Kama una miaka ishirini na huna wa kukutegemea, nenda Dar. Kaa kijiweni, kimbia, jifunze kusoma hati na kumtambua tapeli kwa namna anavyoharakisha. Hapa utajifunza polepole mno, na wakati wa kujifunza utakula nini? Kodi za vyumba ni ndogo, mauzo kwa mwaka yanahesabika kwa vidole. Lakini ukirudi, usije na kijiwe chako mfukoni kama nilivyokuja nacho mimi. Na usidanganyike kwamba mji mdogo ni mtulivu. Kiwanda cha saruji cha Dangote kilipozinduliwa 2015, njia ya Msijute ilijaa madereva wanaotafuta vyumba kwa wiki moja moja. Bandari yetu ilipoanza kupakia makaa ya mawe, malori yalipanga foleni na kila mwenye ua alitaka kujenga nyumba ya wageni. Niliwasihi wengi wajenge vyumba vya kawaida vyenye choo ndani, vinavyomfaa mwalimu malori yakiondoka. Wengine walinisikia.

Bibi wa Naliendele alifariki 2021. Nilikuwa namtembelea kila msimu, alikuwa akinipa korosho za kukaanga kwenye kikombe cha bati. Mwaka huu mwezi Juni binti yake alinipigia. Ukoo umeamua ekari moja iliyobaki ipimwe na kugawanywa, kila upande upate hati yake, na wanataka mimi nisimamie. Nilimwuliza kama ana hakika ni mimi. Akasema mjomba ndiye aliyenitaja.

Tulikutana asubuhi, mkeka umetandikwa chini ya ule mkorosho wenye kovu. Mpima alikuwa ameshafungua sanduku lake na kusimamisha chombo juu ya miguu mitatu. Mjomba, ambaye sasa haoni vizuri, alinipa nafasi nizungumze. Nilifungua daftari, nikasoma majina niliyopewa, kisha nikauliza: "Nani hayupo hapa?"

Watu walitazamana. Binti wa bibi akasema taratibu kwamba yupo mdogo wao wa mwisho, alivuka Ruvuma miaka mingi, anaishi Msumbiji, ana simu lakini haipatikani. Mmoja wa wajukuu akasema huyo hana neno, tuendelee, mpima amelipwa kwa siku. Mpima akatazama saa. Mjomba akasema, "Tungoje."

Tukangoja. Chai ililetwa, na mihogo ya kuchemsha. Kivuli kikahama, nasi tukauvuta mkeka kukifuata mara mbili. Mpima alifunga chombo chake akakirudisha sandukuni. Saa kumi kasoro simu ya binti ikaita, sauti inakatika katika, na wote tukainamia kuisikia. Alisalimia kila mtu kwa jina, mmoja baada ya mwingine, akamlilia mama yake, kisha akasema hana shida na mgawo wowote, anaomba tu mkorosho wa mama mdogo usiwekwe kwenye mpaka wa kukatwa. Mjomba akaniuliza ni upi. Nikanyanyuka nikauonyesha kwa mkono. Mpima akafungua tena sanduku lake.